Dripu: nesi anahesabu nini kwenye yale matone?

Kuanzia Feri pale Magogoni hadi Kariakoo, mtu akishinda juani na mizigo mpaka mwili ukamlegea, ushauri anaopewa ni mmoja: nenda zahanati wakutundikie dripu upate nguvu. Dripu ni dawa. Ina kipimo chake, na ikizidi inaweza kuua.

Chupa zinafanana kwa macho, ila vilivyomo ni tofauti. Salaini ya kawaida ina gramu 9 za chumvi kwa lita. Ringer ina sodiamu, potasiamu kidogo, kalsiamu na lakteti, hivyo inakaribia zaidi majimaji ya damu. Ile ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za glukosi kwa lita, na hiyo ndiyo "nguvu" inayosemwa mtaani. Sahani ya wali maharage inaizidi mbali.

Mahali dripu inapookoa maisha waziwazi ni kwenye kipindupindu, kama kile kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani. Mgonjwa anaharisha maji pamoja na chumvichumvi za mwili hadi mapigo ya mkononi hayasikiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa aliyeishiwa maji kabisa ni mililita 100 za Ringer kwa kila kilo ya uzito. Kwa mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi, 30 za kwanza zinaingia ndani ya nusu saa, 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Mtu mzima wa kilo 60 anapokea lita 6 ndani ya saa 3! Akiweza kunywa, anaanza ORS hapo hapo, dripu ikiendelea.

Mgonjwa mwingine wodini anaweza kuandikiwa lita moja kwa saa 8. Kama mrija unatoa matone 20 kwa mililita, nesi anazidisha 1,000 kwa 20, anagawa kwa dakika 480, anapata matone 42 kwa dakika. Ndiyo maana anasimama pale akiangalia saa.

Kuhusu kuzidisha, funzo kubwa limetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania (huku kwetu ilikuwa Muheza) kwa watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliokuwa wanaharisha na kutapika kwa ugonjwa wa tumbo hawakuingizwa. Madaktari wengi waliamini kumimina maji haraka kungewasaidia. Ndani ya saa 48, karibu 10.5 kwa kila 100 ya waliomiminiwa walifariki, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Potasiamu nayo ina hatari yake. Ikishuka, misuli inalegea na moyo unapoteza mpangilio. Lakini ya sindano haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja, maana moyo unaweza kusimama. Inachanganywa kwenye chupa na kupitishwa taratibu, na kwanza nesi anahakikisha mgonjwa anakojoa, kwa sababu figo ndizo zinazotoa ya ziada. Hivyo anapouliza "umekojoa mara ngapi tangu asubuhi?" usione aibu kumjibu.

Halafu kuna ndugu wa mgonjwa, ambaye akiona matone yanakwenda pole anakizungusha kile kigurudumu cha mrija ili chupa iishe warudi nyumbani. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu au mgonjwa wa figo, maji hayo yanaweza kujaa kwenye mapafu. Akianza kukohoa, kuhema kwa shida au kushindwa kulala chali, mwite nesi hapo hapo, na mwambie kama kuna mtu aligusa kigurudumu.