Birika la Chumba cha Trojan

Rafu ya sebuleni kwangu, Ilala, ina vitu viwili vilivyokaa bega kwa bega: dele la shaba nililolinunua Tanga, na kompyuta ndogo inayoenea kwenye kiganja. Dele hushuka kila alfajiri kwenda jikoni. Kompyuta haishuki wala haizimwi. Hiyo ndiyo seva ya nyumba yetu. Imebeba picha za ukoo na kurasa za madaftari ambamo babu yangu, mkulima wa Moshi, aliandika kila kilo ya kahawa aliyouza. Wageni hudhani nimevibananisha kwa kukosa nafasi. Sivyo. Kahawa na seva vilikutana zamani, na mahali vilipokutana panajulikana.

Ilikuwa mwaka 1991, katika Maabara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti wapatao 15 walikuwa na chama chao cha kahawa na mashine moja tu ya kuchujia, iliyowekwa ukumbini nje ya chumba kilichoitwa Trojan. Waliofanya kazi chumbani humo walikuwa na raha: harufu ikitoka, wanainuka. Wenzao wa ghorofa nyingine walipanda ngazi na vikombe mkononi, wakafika birika limekauka. Mnywaji wa kahawa anaujua uchungu huo. Chai utaiacha, kahawa ikikukosesha asubuhi, siku nzima imekaa upande.

Paul Jardetzky na Quentin Stafford-Fraser wakaona waumalize. Walifunga kamera, wakaielekeza kwenye birika, wakapitisha waya chini ya sakafu hadi kwenye kompyuta aina ya Acorn Archimedes. Jardetzky aliandika programu ya seva, yaani ya kuinasa picha na kumpa kila anayeiomba. Stafford-Fraser aliandika ile ya kuionyesha kwenye pembe ya skrini ya mnywaji, huko huko alikokaa. Kazi yote iliwachukua kama siku moja. Picha ilikuwa ndogo, nukta 128 kwa 128, haina rangi, na ilibadilika takriban mara tatu kwa dakika. Ilitosha kabisa, kwa sababu birika hujaa polepole.

Hapo ndipo huwa nasimama ninapoisimulia habari hii. Hawakuomba fedha wala kuitisha kikao. Walikuwa na kiu, wakawa na waya, na kabla wiki haijaisha tatizo lilikuwa limekwisha. Novemba 1993, vivinjari vilipokuwa vimeanza kuonyesha picha, Daniel Gordon na Martyn Johnson wa maabara hiyo hiyo waliiunganisha kamera na wavuti, na mtu wa bara lolote akaweza kuchungulia kahawa ya Cambridge. Kamera zote za mtandaoni tunazozitumia leo zimetanguliwa na ile. Ilizimwa 22 Agosti 2001 maabara ilipohamia jengo jipya; picha ya mwisho inaonyesha vidole vikiwa kwenye swichi. Mashine ya mwisho, ya Krups, iliuzwa kwa mnada kwa pauni 3,350, ikanunuliwa na Spiegel Online ya Ujerumani.

Sasa lirudie jina la ile kompyuta, Archimedes. Ndani yake kulikuwa na kichakataji cha ARM, kilichobuniwa huko huko Cambridge na Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn. Cha kwanza kilifanya kazi Aprili 1985. Sifa yake kubwa ni kutumia umeme kidogo. Kisha Eben Upton na wenzake, baadhi yao wa maabara ile ile ya birika, wakatoa Raspberry Pi tarehe 29 Februari 2012, kwa dola 35, wakiwalenga watoto wajifunze kuandika programu. Moyo wake ni ARM. Ndiyo kompyuta iliyo kwenye rafu yangu. Inakula wati chache tu, ndiyo maana naweza kuiacha ikiwaka usiku kucha bila kuiogopa luku.

Kahawa nayo nimeifikia kwa njia ndefu. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Babu alikuwa mwanachama. Lakini kwetu kahawa ilikuwa ya kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kubeba. Nyumbani tulikunywa chai ya maziwa. Kahawa yenyewe nilifundishwa Kariakoo, kijiweni, na mzee aliyegonganisha vikombe vyake kutuita. Siku hizi naletewa buni mbichi kutoka shambani kwetu. Nazikaanga kwenye kikaango kizito hadi zipasuke mara ya kwanza, nazipoza kwenye ungo, nazitwanga kwenye kinu, kisha dele juu ya mkaa na kipande cha tangawizi. Sitii sukari. Utamu uko kwenye kashata.

Nirudi kwenye seva. Pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, kwenye kompyuta ya Tim Berners-Lee iliyokuwa seva ya kwanza ya wavuti, palibandikwa karatasi ya kumkataza mtu yeyote asiizime. Nami nimebandika yangu. Haikunisaidia usiku ule umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, ukaiunguza kadi ya kumbukumbu pamoja na picha nilizokuwa nimezipiga za madaftari mawili ya babu. Nilipanda basi hadi Moshi kuyapiga upya. Moja nililikuta salama. Lile la pili, la miaka babu alipoanza kuuza kahawa, mchwa walikuwa wamelimaliza.

Sasa kila Ijumaa, kahawa ikiiva, nachomeka diski ya pili na kunakili kila kitu. Ukiwa na daftari la namna hiyo kwenu, lipige picha wiki hii, na nakala ziwe mbili.