Kona ya Shuka Iliyofichua Tiba ya Manjano
Mwaka huu, 2026, tiba ya mwanga kwa manjano ya watoto wachanga (yasichanganywe na homa ya manjano, ambayo huletwa na mbu) inatimiza miaka 70, na masimulizi ya Daktari R. H. Dobbs yanampa sifa muuguzi. Katika hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, uani wapunge hewa na kuota jua. Siku moja ya kiangazi mwaka 1956 aliwaonyesha madaktari mtoto aliyefifia umanjano mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyobaki imekolea. Dobbs akamuuliza amempaka nini. Sista, kwa kusitasita, akaeleza kwamba hapo palifunikwa na kona ya shuka. Baadaye kichupa cha damu kilichoachwa dirishani penye jua kikapimwa, bilirubini, kemikali inayoleta umanjano, ikaonekana imeshuka. Daktari Richard Cremer na wenzake hospitalini hapo wakaunda kitanda chenye taa na kuchapisha matokeo mwaka 1958. Marekani ilisitasita hadi utafiti wa daktari wa watoto Jerold Lucey wa mwaka 1968. Taa za LED, zisizo na joto kali, zikafuata.

Uangalizi wa Sista Ward ulizaa tiba, kisha mashine ikaumeza. Mtoto hulazwa na nepi tu, macho yamefunikwa, mbali na kifua cha mama, na faraja yake huhesabiwa anasa. Wapo watakaosema kwamba kaunti za Kenya kama Migori na Homa Bay zitafute kwanza taa na umeme. Kona ile ya shuka inawajibu: mwanga hutibu pale unapoigusa ngozi. Mtoto anayefurukuta husukuma kitambaa cha macho hadi puani, na mama akimwonea huruma humtoa au humfunika. Leso iliyoviringishwa kandokando yake kama kiota humtuliza bila kuziba mwanga, nayo mama alikuja nayo. Kumtoa anyonye kwa nusu saa hakuharibu tiba, ila kiwango cha bilirubini kikiwa kimepanda mno. Maziwa ndiyo yanayosaidia bilirubini kutoka kwa njia ya choo.

Huku kando ya Ziwa Victoria kuna sababu ya ziada ya kuhakikisha mwanga unamfikia mtoto. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ulioenea katika ukanda wa malaria, hurahisisha kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu; hata nguo zilizohifadhiwa kwa vidonge vya naftalini huweza kuchochea manjano makali. Kumrudisha mtoto kwenye jua la uani nako kuna hatari: huunguza, hukausha maji mwilini, na dozi yake haipimiki. Tangu huduma za afya nchini Kenya zigatuliwe kwa kaunti mwaka 2013, kinachozinduliwa kwa shangwe ni mashine. Ilhali jaribio la Migori na Busoga, Uganda, lililochapishwa mwaka 2020, lilipunguza vifo vya njiti kwa mpango ambao kiini chake kilikuwa kuwafunza wahudumu kwa maigizo ya dharura na kuwakutanisha wasahihishe kazi yao.