Kilwa: Nani Aliulinda Mji?

Huko Karatu bado zinaonyeshwa nyumba za Wairaqw zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake likiwa sawa na ardhi, hata mpita njia asijue kwamba chini ya miguu yake wanalala watu na ng'ombe. Ndivyo walivyojihami dhidi ya wavamizi wa Kimaasai waliokuja kuteka mifugo. Ulinzi huo haukuhitaji kasri wala askari wa kulipwa. Aliyechimba ndiye aliyelala ndani. Kwa kada na mwanafunzi wa Karatu na Ngorongoro, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia uchambuzi wa Kilwa, dola ya mabaharia iliyosifika kwa utajiri katika bahari yote ya Hindi, na ambayo hata hivyo ilitekwa kwa siku moja.

Wanahistoria wa kikoloni walipenda kuieleza Kilwa kana kwamba ni mji wa wageni ulioegeshwa pwani. Hiyo ni kasumba. Mji ulikua kutokana na jamii ya Waswahili wenyewe, na nguvu yake ilikuwa na msingi wa kiuchumi unaoeleweka. Jahazi lililotoka Uarabuni au Bara Hindi kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi. Kwenda kusini zaidi kulitaka kungoja msimu mwingine. Kwa hiyo dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, iliyoshushwa bandari ya Sofala, ilipitia mikononi mwa watawala wa Kilwa, nao wakaitoza ushuru. Kwa ushuru huo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100 juu ya mwamba, mwanzoni mwa karne ya 14.

Je, dola hiyo ilijihami vipi? Kwanza kwa bahari yenyewe: kisiwa, miamba, na mikondo ambayo manahodha wenyeji tu waliijua. Pili kwa kuwa kila mfanyabiashara aliihitaji. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alimsifu Sultani kwa ukarimu na uchaji Mungu, na papo hapo akaeleza kwamba alikuwa akiwavamia watu wa bara na kuteka nyara. Msomaji aisome sentensi hiyo mara mbili. Tabaka lililokuwa likiishi kwa kuwanyang'anya jirani zake haliwezi kutazamia kwamba jirani hao watavuka mkondo kuja kulifia.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Ibrahim hakuwa mrithi halali; alikuwa amejitwalia madaraka, na mji ulikuwa umegawanyika. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari wake. Upinzani ulikuwa hafifu. Ibrahim alikimbilia bara, mji ukaporwa, ngome ikaanza kujengwa, na Wareno wakamtawaza kibaraka wao, Muhammad Ankoni, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa mjini. Mwaka uliofuata aliuawa.

Lakini tusirahisishe mambo. Mombasa nayo ilikuwa na matabaka, na wiki chache baadaye watu wake walipigana mtaa kwa mtaa, wakirusha mawe na mishale kutoka juu ya mapaa. Mji wao ulichomwa moto vilevile. Mizinga ilikuwa mizinga, na hakuna miji miwili iliyosimama pamoja dhidi yake. Malindi ilikuwa imekwisha kufanya urafiki na Wareno kwa sababu ya uhasama wake na Mombasa.

Kuporwa kwa mji pekee hakukuiua Kilwa. Hapa mfano wa Engaruka, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, unatusaidia. Wakulima wa Engaruka, kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, walimwagilia mashamba yao kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, na hakuna kasri lililopatikana pale. Wachunguzi wengi wanaona kwamba kupungua kwa maji ya vijito ndiko kulikowahamisha. Kilwa nayo ilikuwa na mfereji wake, ila maji yake yalikuwa dhahabu na chanzo chake kilikuwa Sofala, mbali sana na macho ya mwenye mji. Mwaka huohuo wa 1505 Wareno walijenga ngome Sofala. Mfereji ukakatwa chanzoni. Wafanyabiashara walihamia miji mingine, na kufikia 1512 Wareno wenyewe waliiacha ngome yao ya Kilwa, kwa kuwa hapakubaki faida ya kuilinda.

Mwaka 1587 Wazimba waliuvamia mji na kuua watu wengi. Padri Mreno João dos Santos aliandika kwamba mkazi mmoja ndiye aliyewaonyesha njia ya kuvuka maji yalipokupwa, ili jamaa zake wasalimike.

Kilwa iliinuka tena katika karne ya 18, na ni vyema kusema iliinuka kwa biashara gani. Mwaka 1776 Sultani wake alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Miaka michache baadaye Waomani waliutwaa mji, na katika miaka ya 1840 Sultani wa mwisho alihamishwa kwa nguvu kupelekwa Muscat.