Mazoezi ya nyikani na msongo wa mawazo kwa makurutu

MAZOEZI ya nyikani, kama vile kupanda milima, kuvuka mito na kulala porini, ni sehemu ya mafunzo ya kijeshi kote duniani. Humkomaza kurutu misuli, na pia humzoesha kutenda kwa utulivu akiwa na njaa, uchovu au hofu.

Nchini Kenya, vijana wa Kitui na Makueni wanaoteuliwa kuwa wanajeshi hupelekwa Eldoret pamoja na wenzao wa kaunti nyingine. Kwao, mtihani huanza na hewa. Kibwezi iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari na mji wa Kitui takriban mita 1,150, ilhali Eldoret hupita mita 2,000. Aliyezoea joto la Ukambani huhema upesi mbioni na kutetemeka usiku, hadi mwili uzoee.

Wakoloni Waingereza, walioandikisha Wakamba wengi katika kikosi cha King's African Rifles, waliwaita jamii ya kivita kwa asili. Hata hivyo, ustahimilivu hufunzwa. Imani hiyo ndiyo iliyozaa shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, ili kuwaandaa mabaharia vijana kunusurika meli zao zikizamishwa. Tawi lake lilifunguliwa katika miaka ya 1950 huko Loitokitok, ng'ambo ya milima ya Chyulu inayopakana na Makueni.

Mafunzo ya aina hii huanza na jambo jepesi, kisha ugumu huongezwa hatua kwa hatua. Kila kikwazo kinachovukwa humpa kurutu ushahidi kwamba anaweza, na kikosi humwondolea upweke.

Hata hivyo, ugumu wenyewe si dawa. Utafiti wa Charles Morgan na wenzake kuhusu wanajeshi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulichunguza nyuropeptaidi Y, kemikali ya mwili inayosaidia kutuliza wasiwasi. Siku moja baada ya mazoezi makali ya kunusurika, kiwango chake kwa askari wa vikosi maalum kilikuwa kimerejea kawaida, lakini kwa askari wengine kilikuwa kimeshuka kuliko mwanzoni.

Kwa hiyo, usingizi, chakula na mapumziko ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Kurutu asiyepata usingizi hata apewapo nafasi, au anayejitenga na wenzake, anahitaji daktari au mshauri, wala si adhabu zaidi.