Mzee Ojwang' na Suala la Lafudhi katika Usawiri wa Mhusika

Mtahiniwa anapoulizwa afafanue mbinu za kusawiri wahusika katika tamthilia, aghalabu hutaja majina, matendo, mazungumzo, maleba na kauli za wahusika wengine. Lafudhi huisahau, au huitaja kama kichekesho tu. Makala haya yanaangalia kazi ya mwigizaji Benson Wanjau, aliyejulikana zaidi kama Mzee Ojwang', na kuuliza: lafudhi humjenga mhusika wakati gani, na humbomoa wakati gani? Mimi hufundisha Garissa, na huku swali hili haliishii katika karatasi ya mtihani.

Usuli

Sauti ya Kenya, yaani VOK, ilianza kutumia jina hilo mwaka wa 1964, ikabadilishwa kuwa KBC mwaka wa 1989. Hadi KTN ilipoanza mwaka wa 1990, hiyo ndiyo iliyokuwa runinga pekee nchini. Vichekesho vya Kiswahili vilikuwa na mizizi tayari kupitia waigizaji kama Kipanga na Mzee Pembe. Wanjau aliingia katika mkondo huo na kupata umaarufu kupitia Vioja Mahakamani na hasa Vitimbi, alikoigiza kama mumewe Mama Kayai, nafasi iliyochezwa na Mary Khavere. Alidumu katika sanaa hiyo kwa miongo kadhaa, hata jina la mhusika likalimeza jina la mwenyewe.

Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang' ni mzee wa Kijaluo. Watazamaji wengi waliishi miaka na miaka wakiamini kwamba mwigizaji na mhusika ni wa kabila moja.

Kazi ya ulimi

Hebu tuipime kazi hiyo kwa vipimo vya fonolojia tunavyovifundisha darasani. Kikuyu hakina sauti /l/. Ndiyo maana baadhi ya wazungumzaji wake husema "kurara" badala ya "kulala". Kijaluo kina /l/ na /r/, lakini hakina /sh/. Shamba huweza kuwa "samba". Kwa hiyo Mkikuyu anayemwigiza Mjaluo ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuuzuia ulimi wake usifuate mazoea ya lugha mama, na kuufunza mazoea ya lugha mama ya mtu mwingine. Huwezi kuifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kumsikiliza mwenzako kwa makini.

Jambo hili lilipata uzito zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika ghasia zilizofuata, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Katika vizuizi vya barabarani, jina, kitambulisho na hata namna ya kutamka neno viliweza kuamua nani apite na nani asipite. Wajaluo na Wakikuyu walikuwa miongoni mwa jamii zilizogombanishwa vikali. Wakati huo huo, mzee mpendwa wa Kijaluo katika runinga ya taifa alikuwa Mkikuyu.

Swali la Garissa

Sasa nije nyumbani. Kisomali hakina /p/, /v/ wala /z/, na /ch/ nayo huwapa wengi taabu. Baadhi ya wanafunzi wangu husema "bilibili", "fitabu", "siwa" na "shai". Mwaka mmoja niliwapeleka kwenye tamasha la drama. Shule moja ya mbali ilikuwa na mhusika muuza duka, Msomali. Hakuwa na mke, rafiki, hofu wala ndoto. Kila alipofungua kinywa alisema "b" mahali pa "p", na ukumbi ukaangua kicheko. Niliwatazama wanafunzi wangu, walikuwa wamenyamaza. Tuliporudi, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye hapo awali aliinua mkono kila tulipogawana nafasi za kusoma, alikataa kusoma tena kwa sauti. Ilinichukua muhula mzima kumrejesha.

Msomaji anaweza kuuliza: si Ojwang' naye alichekesha kwa lafudhi? Tofauti iko wapi? Naona tofauti mbili.

Kwanza, Ojwang' alikuwa na maisha zaidi ya lafudhi yake. Alikuwa na mke wa kumjibu, heshima ya uzee aliyoing'ang'ania, ujanja na aibu. Ukiiondoa lafudhi, bado unabaki na mtu. Ukiiondoa lafudhi ya yule muuza duka, hubaki na chochote. Huyo si mhusika bali ni kikaragosi.

Pili, katika Vitimbi Ojwang' hakuwa peke yake. Masanduku arap Simiti naye alibeba asili yake tangu jina lake. Ndimi zilikuwa nyingi, kila mmoja akacheka na kila mmoja akachekwa. Yule muuza duka alisimama peke yake katikati ya watu wanaosema Kiswahili sanifu.

Hata hivyo tusiisifu historia hii kupita kiasi. Katika Vioja Mahakamani, sheria ndiyo iliyozungumza Kiswahili sanifu, ilhali mshtakiwa mara nyingi ndiye aliyezungumza kwa lafudhi. Mpangilio huo una ujumbe wake kuhusu nani ana mamlaka, na mhakiki makini hana budi kuutaja. Kipaji cha Wanjau kiliupunguza ubaguzi huo, hakikuufuta.

Hitimisho

Katika miaka yake ya mwisho Mzee Ojwang' aliugua macho, na Wakenya wakachanga fedha ili atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta akiwa na umri wa miaka 78. Kwetu Garissa ule ulikuwa mwaka wa msiba: tarehe 2 Aprili watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Baada ya hapo, Msomali aliyesafiri kwingineko nchini alijua kwamba ulimi wake ungeweza kumtia mashakani.

Mwalimu mwenzangu, unapogawa nafasi za Bembea ya Maisha darasani, mpe Yona au Sara mwanafunzi mwenye lafudhi nzito pia. Msahihishe matamshi baada ya kusoma, si katikati ya kilio cha mhusika. Na mwanafunzi akitaka kumwigiza mtu wa jamii nyingine, mwulize kwanza: mbali na anavyotamka, unajua nini kumhusu?

Maswali ya kutafakari

1. "Lafudhi pekee haimjengi mhusika." Jadili kwa kurejelea kichekesho chochote ulichowahi kutazama.

2. Fafanua tofauti kati ya mhusika na kikaragosi, ukitoa mifano kutoka tamthilia uliyosoma.