Vitambaa vya Moto na Mwisho wa Mabanzi

Katika miaka ya 1920 na 1930, mtoto aliyeugua polio Australia, Uingereza au Marekani alikuwa akifungwa. Miguu iliyopooza iliwekewa mabanzi au plasta, pengine mwili mzima ukafungwa kwenye fremu, na mtoto akalala hivyo kwa wiki nyingi, hata miezi. Madaktari waliofanya hivyo hawakuwa makatili. Walikuwa wameona watoto wengi waliopinda, wakaamini kwamba msuli wenye nguvu usipozuiwa utamvuta mwenzake aliyedhoofika mpaka kiungo kiharibike. Aliyeivunja desturi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote ni Elizabeth Kenny wa Australia, na watu wameshindana juu yake tangu hapo: wengine humwita nabii wa fiziotherapia, wengine tapeli aliyebahatika. Mimi naona pande zote mbili zinabishania nadharia zake, ilhali nguvu yake ilikuwa katika jambo lililo chini kabisa ya nadharia. Alianza na maumivu, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yakizuia kila kitu kingine.

Kenny alizaliwa mwaka 1880 katika jimbo la New South Wales, akafanya uuguzi vijijini bila cheti cha chuo chochote. Jina la "Sister", cheo cha wauguzi, alilipata jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipohudumia majeruhi melini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifungua kliniki Townsville, Queensland. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: blanketi la sufu lilikatwa vipande, vikachemshwa, vikakamuliwa mara mbili mpaka maji yasichuruzike wala kuunguza ngozi, kisha vikazungushwa kwenye msuli uliokakamaa na kufunikwa kwa kitambaa kisichopitisha maji, na juu yake sufu kavu. Vilibadilishwa tena na tena mchana kutwa. Viungio viliachwa huru. Maumivu yalipotulia, mikono ya mhudumu ilianza kukipeleka kiungo taratibu huku mgonjwa akiambiwa aelekeze fikira kwenye msuli ule ule unaotakiwa kufanya kazi, asiuachie msuli jirani uusaidie. Wanawake wa Afrika Mashariki waliowahi kumkanda mzazi kwa maji ya moto hawangeshangazwa na sehemu ya kwanza. Upya ulikuwa katika wakati: Kenny alianza mapema, ugonjwa ukiwa bado mkali, saa ambazo hospitali zilikuwa zikifunga plasta.

Serikali ya Queensland iliunda tume ya madaktari, na ripoti yake ya mwaka 1938 ikamkataa, ikisema kuacha kuufunga mwili ni kosa kubwa na la hatari. Tume ilikuwa na sababu. Kenny alidai kwamba tatizo kuu la polio ni mkakamao wa misuli, na kwamba msuli mwingi unaoonekana umekufa umesahauliwa tu na ubongo. Hilo si kweli kwa kiwango alichodai. Kirusi cha polio huua seli za neva zinazoendesha misuli ndani ya uti wa mgongo, na msuli uliopoteza seli zake zote haurudi, ukandwe usikandwe. Tatizo ni kwamba madaktari, baada ya kuiona nadharia ina kasoro, waliitupa na tiba pamoja nayo. Hawakuuliza swali dogo zaidi: je, mtoto aliyekandwa analia kidogo kuliko aliyefungwa, na viungio vyake vinabaki laini?

Kuna pingamizi zito zaidi. Wagonjwa wengi wa polio hupata nafuu wenyewe, sehemu au yote, na Kenny hakufanya majaribio ya kulinganisha wagonjwa wake na wengine kwa haki. Kwa hiyo watoto aliowaonyesha wakitembea hawathibitishi kwamba yeye ndiye aliyewaponya. Nakubali kabisa. Lakini pingamizi hilo hukata pande zote mbili: kama nafuu huja yenyewe, basi mabanzi nayo hayastahili sifa, na kinachobaki kupimwa ni mateso na mkakamao ambao kila njia huacha nyuma. Wengine husema mazoezi ya misuli yalikuwepo kabla yake. Ni kweli, daktari Robert Lovett wa Boston na msaidizi wake Wilhelmine Wright walikuwa wakiyafundisha tangu enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Ila kwao mazoezi yalingoja kipindi cha maumivu kipite, naye Kenny aliingia ndani ya kipindi hicho.

Mwaka 1940 alivuka kwenda Marekani na kupokewa Minneapolis. Madaktari Wallace Cole na Miland Knapp waliitazama kazi yake wodini, na mwaka 1941 wakaiandikia vizuri katika jarida la chama cha madaktari cha nchi hiyo. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Desemba 1942. Miaka miwili baadaye kamati ya madaktari ilimshambulia tena kwa madai yake makubwa, na kwa sehemu kubwa ilisema kweli, lakini ilichelewa: hospitali zilikuwa tayari zinachemsha sufu na kuyaweka mabanzi stoo. Kenny alifariki mwaka 1952, chanjo ya Jonas Salk ikaruhusiwa mwaka 1955, na wodi za polio zikaanza kuwa tupu. Taasisi ya Minneapolis haikufungwa. Iliendelea na wagonjwa wa kiharusi na waliojeruhiwa uti wa mgongo, na inafanya kazi hadi leo.