Ufuta katika uji wa mtoto: hoja dhidi ya kuahirisha, Karagwe na Kyerwa

Kuna ushauri unaozidi kuwafikia kina mama wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mara nyingi kupitia simu: usimpe mtoto karanga wala ufuta kabla hajatimiza mwaka, atapata mzio. Wapo pia wasomi wanaodai mzio wa chakula ni maradhi ya Ulaya yasiyotuhusu. Napinga madai yote mawili, ila hilo la kwanza ndilo lenye madhara zaidi.

Asili yake inajulikana. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto walio katika hatari ya mzio wasile karanga hadi miaka 3. Mwaka 2008 kikauacha ushauri huo kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa LEAP wa London, uliofuatilia watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Walioanzishiwa karanga uchangani, asilimia 3.2 walikuwa na mzio wake walipofika miaka 5. Walioepushwa, asilimia 17.2. Kwa ufuta ushahidi ni mwembamba: utafiti wa EAT wa 2016, ulioujumuisha, haukuonyesha tofauti ya wazi. Wapinzani huitaja Israeli, ambako ufuta huliwa sana na mzio wake umekita mizizi. Hilo linathibitisha kwamba mzio wa ufuta ni jambo zito. Halithibitishi kwamba kuchelewesha kunamkinga mtoto.

Ushahidi unaotuhusu zaidi unatoka Ghana. Abena Amoah na wenzake (2013) walipima damu ya watoto wa shule na kukuta asilimia 17.5 wana kingamwili za IgE, zinazohusika na mzio, dhidi ya karanga. Mtu akiishia hapo atatangaza janga. Lakini watoto hao walipochomwa ngozi kwa kimiminika cha karanga, walioitikia walikuwa asilimia 2 tu, na wengi wenye kingamwili walikuwa wakila karanga bila shida. Kingamwili zile zilielekea kushika sukari zilizo kwenye protini za mimea, sukari ambazo mayai ya kichocho nayo hubeba. Yaani kipimo kilisoma minyoo kikaandika karanga. Visiwani Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kingamwili za namna hiyo zimekutwa pia palipo na kichocho kingi. Kagera ni jirani wa ziwa hilohilo. Kliniki itakayoletewa vipimo vya damu vya mzio bila onyo hili itawanyima watoto chakula kwa sababu ya minyoo.

Na chakula chenyewe ni cha kuhesabu. Mezani ni ndizi na maharage. Mtoto wa miezi 7 akipondewa ndizi tupu anashiba bila mafuta wala protini ya kutosha. Udumavu nchini Tanzania ulikuwa asilimia 30 mwaka 2022. Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka mikunde, karanga na mbegu ziliwe mara kwa mara kuanzia miezi 6, hasa pale nyama, samaki na mayai vinapokosekana.

Lakini mzio upo. Afrika Kusini, asilimia 2.5 ya watoto wa Cape Town walithibitika kuwa na mzio baada ya kulishwa chakula husika chini ya uangalizi, wa vijijini asilimia 0.5. Kidogo si sifuri. Ndiyo maana naulalamikia unga wa lishe unaouzwa katika mfuko mweupe usioandikwa kitu: mahindi, ulezi, soya, karanga, ufuta, vyote vimesagwa pamoja. Mtoto akivimba midomo, akatokwa mabaka na kutapika dakika chache baada ya uji, nani atajua kilichomdhuru? Mama ataacha unga wote.

Ufuta uanze peke yake: uliosagwa laini, kijiko kidogo ndani ya uji aliouzoea, mchana, kisha siku mbili tatu bila kuongeza kingine kipya. Mwenye ukurutu mkali aonwe kwanza na daktari, na ngozi yake iliyochubuka isipakwe mafuta ya ufuta, kwani mzio huweza kuingilia hapo. Wauza unga waandike vilivyomo. Na kabla halmashauri hazijanunua kipimo chochote cha damu, kila zahanati, hata ya Murongo mpakani, iwe na adrenalini na mhudumu anayejua kuichoma pajani bila kusubiri gari.